Pazo za mbao: kwa nini mtu analipa hela ndefu ili ateswe na vipande?

Mada ya leo wengine mtaona kama mzaha, lakini nivumilieni. Ina hela ndani yake, na ina hela yangu niliyoipoteza pia.

Wanaonifahamu humu wanajua nauza vitu vya mbao vya watoto: herufi, tarakimu, wanyama, ramani ya Tanzania iliyokatwa mikoa mikoa. Fundi wangu yuko Keko, yeye anakata, mimi napiga picha, naposti, nafunga mzigo, namkabidhi bodaboda. Mwaka wa kwanza nilifanya kosa ambalo tunalifanya wengi. Nikiona pazo za makaratasi zilizoingizwa kutoka nje zinauzwa elfu tano Kariakoo, nami nashusha bei. Zikishuka tena, nashuka nazo. Mpaka siku moja fundi akaniuliza, "Dada, hivi sisi tunauza au tunagawa?"

Swali lile lilinichoma. Usiku ule nikakaa na simu nikaanza kutafuta: duniani kuna mtu yeyote anayeuza pazo za mbao kwa bei ya maana na bado wateja wanamfuata?

Kwa ambaye hajawahi kushika, pazo ni picha iliyobandikwa kwenye ubao au karatasi ngumu kisha ikakatwa vipande vidogo vidogo. Vinachanganywa, na wewe unavipanga mpaka picha irudi. Basi. Mchezo wa mtoto, si ndiyo? Hivyo ndivyo nilivyofikiri na mimi.

Nikakutana na kampuni ya Stave, iko Marekani, jimbo la Vermont. Ilianzishwa mwaka 1974 na wawili, Steve Richardson na Dave Tibbetts. Jina lenyewe wameliunganisha kutoka majina yao, Steve na Dave. Pazo zao zinakatwa kwa mkono wa mtu, kipande kimoja kimoja, na bei ya pazo moja inaweza kufika maelfu ya dola. Nikasoma tena kama nimekosea sifuri. Sijakosea. Halafu sanduku lenyewe linakuja bila picha juu. Unalipa hela yote hiyo na hata hujui unapanga nini.

Kilichonimaliza nguvu ni hiki. Mwaka 1989 walifanya utani wa Siku ya Wajinga, wakauza pazo yenye vipande vitano tu. Vitano! Watu wenye akili zao wakahangaika nayo wee, haikai. Kumbe ilikuwa haina jibu kabisa, imetengenezwa isipangike. Kampuni ikawarudishia hela zao. Sasa jiulize, mteja wa namna gani unaweza kumfanyia hivyo na bado kampuni ikaendelea kuwa na wateja mpaka leo? Ni mteja ambaye ugumu ndio bidhaa anayoinunua.

Nilipolielewa hilo, mambo mengi yakaanza kukaa mahali pake. Ngoja nirudi nyuma kidogo, maana historia ya biashara hii ni kama kioo cha kwetu sisi tunaoshindana na mizigo ya bei rahisi.

Pazo za kwanza kujulikana sana zilitoka London miaka ya 1760. Mchora ramani mmoja, John Spilsbury, alibandika ramani kwenye ubao mwembamba akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, watoto wajifunze jiografia. (Nilipofika hapo nilicheka peke yangu, maana ramani yangu ya mikoa nilidhani nimeibuni mimi.) Kwa muda mrefu kitu hiki kilibaki cha watoto wa wenye nacho. Watu wazima walikuja kukichangamkia mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1908 na 1909 Marekani ilishikwa na homa ya pazo za mbao. Parker Brothers, kampuni kubwa ya michezo, mwaka 1909 ilisimamisha michezo mingine na kugeuza kiwanda chake chote kuwa cha pazo. Waliokuwa wakikata ni wanawake, kila mmoja na mashine yake.

Na hazikuwa rahisi kununua. Pazo ya vipande 500 ilikuwa kama dola 5, wakati mfanyakazi wa kawaida alipata kama dola 50 kwa mwezi. Piga hesabu hiyo kwa mshahara wa mtu unayemfahamu: sehemu moja ya kumi ya mshahara kwa mchezo mmoja. Na bado zilikwenda.

Halafu ikaja karatasi ngumu. Karatasi haikatwi kipande kimoja kimoja. Unatengeneza kisu kikubwa chenye umbo la vipande vyote, mashine inagonga mara moja, pazo nzima imekatika. Bei ikaanguka. Wakati uchumi wa dunia ulipoporomoka, watu hawana kazi wala hela ya starehe, pazo za karatasi zikawa kimbilio lao. Mapema mwaka 1933 Marekani peke yake ilifikia kuuza pazo milioni 10 kwa wiki moja.

Hapo ndipo ungetegemea mbao zife. Nami nilitegemea hivyo. Lakini miaka ileile ya shida kulitokea makundi mawili ambayo yamenifundisha kuliko semina yoyote niliyowahi kulipia.

Kundi la kwanza ni mafundi seremala na hata wasanifu majengo waliokosa kazi. Waliingia kwenye vyumba vyao vya nyuma, wakakata pazo za mbao, wakawauzia au kuwakodishia majirani. Ndiyo, kukodisha. Unachukua pazo, unaipanga, unarudisha, unachukua nyingine. Uingereza nako, mwaka huohuo wa 1933, kilianza chama ambacho wanachama wake huazima pazo za mbao kama vitabu vya maktaba.

Kundi la pili ni vijana wawili wa New York, Frank Ware na John Henriques. Mwaka 1932, hali ikiwa mbaya kabisa, wakaanzisha kampuni ya Par. Hawakuigusa bei ya karatasi hata kidogo. Walipanda juu. Wakatengeneza pazo ngumu kuliko zote, za kuagiza, zenye jina la mteja au tarehe yake ya kuzaliwa vikiwa vimekatwa kama vipande ndani ya pazo. Kila pazo waliiwekea muda wa kumaliza, na muda wenyewe walikuwa wanabana, mteja ajione amechelewa. Kichwa cha habari cha pazo walikiandika cha kupotosha. Wakaweka na alama yao, kipande chenye umbo la farasi wa baharini. Wateja wao walikuwa waigizaji wa sinema, wenye viwanda, na watu wa koo za kifalme.

Baada ya vita kuu ya pili mishahara ikapanda, na kazi ya kukata kipande kimoja kimoja inakula muda, kwa hiyo gharama ikapanda nayo. Parker Brothers waliziacha pazo zao za mbao mwaka 1958. Waliokuwa katikati, yaani bei si ya chini na ugumu si wa kutisha, ndio walioondoka. Stave walipokuja 1974 walichukua njia ileile ya Par na kuiongezea ukatili. Alama yao wao ni kipande cha mchekeshaji wa sarakasi.

Sasa tuje kwenye ugumu wenyewe, maana hapa ndipo nilipokaa sana, na hapa ndipo penye ujuzi wa kuuzika.

Pazo ya karatasi tunaipanga kwa mazoea. Unatafuta kona nne. Unatafuta vipande vyenye upande mmoja ulionyooka, unamaliza fremu, halafu unaingia ndani ukiangalia picha ya kwenye sanduku. Mkataji wa pazo za mbao anayajua mazoea yako yote na amekaa anakusubiri pale pale.

Anaanza na kukunyima picha. Kisha anaharibu pembeni: badala ya upande ulionyooka, ukingo wote unapinda pinda, hujui kama hiki ni cha pembeni au cha ndani. Au anafanya kinyume, anaweka vipande vyenye upande ulionyooka katikati kabisa ya picha, unavipeleka pembeni saa nzima, havina mahali. Kona nazo anazipasua, kona moja inaundwa na vipande viwili, kwa hiyo hakuna kipande hata kimoja chenye pembe unayoitafuta.

Lakini mbinu inayoumiza kuliko zote ni kukata kwa kufuata rangi. Chukua picha ya ngalawa baharini, tanga jeupe, anga ya buluu. Mkato wa kawaida unapita popote, kwa hiyo utapata kipande chenye nusu tanga nusu anga, na hicho kinakuambia, "Niweke hapa, mpakani." Mkataji wa daraja la juu anapitisha msumeno kwenye mstari uleule ambapo tanga linakutana na anga. Sasa vipande vya tanga ni vyeupe tupu na vya anga ni buluu tupu. Hakuna kinachokuonyesha kwamba hivi viwili ni majirani. Unaweza kumaliza tanga zima likawa kisiwa mezani na usijue linakwenda wapi.

Halafu kuna suala la kushikana. Sisi tumezoea kipande chenye kichwa kinachoingia kwenye shimo la mwenzake. Pazo za zamani nyingi vipande vilikuwa vinalala tu ubavu kwa ubavu. Mtu akipiga chafya, au mtoto akivuta kitambaa cha meza, kazi ya jioni nzima imekwenda. Mpaka leo wapo wanaozitaka za namna hiyo makusudi. Na Stave wana pazo ambazo kipande kinaingia vizuri mahali pawili au patatu tofauti, ila mahali pamoja tu ndipo penye jibu. Unapanga nusu, unajipongeza, kumbe umepotea tangu kipande cha kumi.

Katikati ya mateso hayo kuna peremende. Vipande vyenye umbo: ndege, ufunguo, mtu aliyekaa, herufi. Parker Brothers walivitumia tangu enzi zao, na leo ndivyo vinavyopendwa kuliko vyote. Wentworth, kampuni ya Uingereza iliyoanza 1994, huvikata viendane na mada ya picha. Picha ya bustani utapata kipepeo na toroli. Mtu akikipata kipande cha namna hiyo anawaita wenzake waje waone. Nimeona hilo kwa macho yangu sebuleni kwa shemeji yangu, na wenyewe ni watu wazima wenye mvi.

Kwa hiyo mnunuzi wa pazo hizi analipia nini? Analipia jioni nyingi. Analipia kukaa na mkewe au watoto mezani bila simu. Analipia ule mlio mdogo wa mbao ikiingia mahali pake, ambao karatasi haina. Na kwa wakusanyaji, analipia mkono wa mkataji: pazo mbili za picha moja zilizokatwa kwa mkono hazifanani, na wapo wanaomtambua mkataji kwa jinsi anavyopinda kona. Anne Williams, aliyekuwa profesa wa uchumi katika chuo cha Bates huko Marekani, alikusanya pazo nyingi na mwaka 2004 akatoa kitabu kizima cha historia yake. Profesa wa uchumi! Basi tusiwacheke.

Nisije nikawapotosha, si zote zinakatwa kwa mkono siku hizi. Liberty, kampuni ya Colorado iliyoanza 2005, inakata kwa mwanga wa leza kwenye plaiwudi ya maple yenye unene wa kama milimita 6. Leza imeshusha bei mpaka kiasi ambacho mtu wa kipato cha kati kule anaweza kujibana akanunua, na maumbo yanatoka ya ajabu. Mwaka 2020 watu walipofungiwa majumbani kwa sababu ya Korona, oda zilizidi uwezo wa watengenezaji, watu wakawa wanasubiri zamu. Kuna na Artifact, iliyoanzishwa na Maya Gupta, nao wana klabu ya kukodisha. Ile ile biashara ya wale mafundi wa 1933, imerudi kwa njia ya posta.

Haya. Baada ya kusoma hayo yote nikajiona nimeiva. Hapa ndipo hela yangu inaingia.

Mteja mmoja aliniinboksi: "Dada, wazazi wangu wanatimiza miaka 40 ya ndoa. Naweza kupata pazo ya picha yao ya harusi?" Picha ya zamani, nyeusi na nyeupe, imepauka kidogo. Nikamwambia inawezekana. Vipande 180, ndani yake viwili vya umbo, pete na herufi za majina yao. Bei? Nikasema elfu 55, kwa moyo mweupe kabisa, bila kupiga hesabu.

Fundi ana ile mashine yenye msumeno mwembamba kama uzi unaopanda na kushuka. Kwa kazi ya vipande vidogo hivi anakata kama 40 kwa saa, akiharakisha vinachanika. Vipande 180 ni saa nne na nusu. Msasa wa nyuma na pembeni, saa moja. Kubandika picha na kuisubiri ikauke, usiku mzima, ingawa huo haulipiwi. Kuhesabu na kufunga, nusu saa. Saa sita za kazi kwa elfu nane ni 48,000. Plaiwudi nzuri na uchapaji wa picha, 14,000. Sanduku, 5,000. Jumla 67,000. Yaani nimemlipa mteja elfu 12 achukue mzigo wangu. Wenzetu wa 1958 walikufa kwa hesabu hiyohiyo na mimi nimetoka kuisoma wiki ileile!

Lakini hasara hiyo ilikuwa ndogo. Siku ya sherehe, saa tatu usiku, simu ikaita. Familia nzima imekaa mezani, wajukuu wamepanga tangu saa kumi, picha imekamilika, kasoro tundu moja. Tundu lenyewe liko usoni kwa mama, jicho la kulia.

Sikuwa na la kusema. Nikampigia fundi, asubuhi na mapema tukapekua vumbi la mbao kwa chekeche la unga. Hatukukipata. Fundi akakata kingine kwa kufuata tundu, tukachapa upya kijipicha kile, lakini weusi wa wino haukufanana na wa mwanzo. Ukikitazama unakiona. Nilikwenda mwenyewe kukipeleka, nikarudisha elfu 55 yote, nikaomba radhi. Mama mwenyewe alinipokea vizuri, akanipa na chai. Mwanae hakunijibu salamu, na ana haki yake.

Nilipokuja kusoma zaidi nikajua kwamba katika soko la pazo za zamani, kipande kimoja kikikosekana thamani inaanguka vibaya, na wapo mafundi ambao kazi yao ni kukata kipande kimoja kilichopotea na kukipaka rangi mpaka kisijulikane. Kwa hiyo sikuwa wa kwanza. Ila sasa nina utaratibu. Vipande vikitoka kwenye msasa vinapangwa kwenye sinia, safu za kumi kumi. Nahesabu mimi, anahesabu fundi, kila mmoja peke yake bila kumwambia mwenzake. Kisha pazo inapangwa nzima, napiga picha, namtumia mteja ikiwa imekamilika kwa nyuma, upande usio na picha, ili nisimharibie utamu. Ndipo inavunjwa na kufungwa mbele yangu. Idadi inaandikwa ndani ya kifuniko. Na ile picha iliyochapwa naweka nakala ya pili, karatasi ileile, siku ileile, wino uleule, endapo kipande kitapotea kwa mteja mwenyewe. Nakala hiyo inanigharimu kama elfu mbili. Ningekuwa nayo siku ile, jicho la mama lingetoka sawasawa.

Kosa langu la pili lilikuwa la kujifanya Stave. Nilikata picha ya bahari kwa kufuata rangi, pembeni nimepindapinda, sanduku halina picha, nikaiuza bila maelezo. Aliyenunua ni mwalimu, alitaka iwe ya watoto wake wa likizo. Siku ya nne akanitumia sauti: "Mdogo wangu, umeniuzia adhabu." Nilimbadilishia. Pazo ilikuwa nzuri, tatizo mtu hakuambiwa anaingia wapi. Wale wa Par walitaja muda tangu 1932. Mteja alijua anakwenda kuteswa na kwa muda gani. Siku hizi kwenye kila posti naandika idadi ya vipande, ina picha au haina, pembeni imenyooka au imepinda, na muda ambao shemeji yangu na mumewe waliutumia. Namtumia shemeji kwa sababu hana haraka na haniogopi. Akisema saa tano, naandika saa tano.

Ajabu ni kwamba nilipoanza kuandika ugumu waziwazi, zile ngumu ndizo zinazoulizwa kwanza. Mtu anaandika, "Hiyo ya saa tano nipe mimi." Ya vipande 180 ya kuagiza sasa nauza 120,000, napokea nusu kabla fundi hajawasha mashine, na natoa siku kumi. Wanaoikimbia bei wapo, wengi tu. Nawaelekeza kwenye herufi na ramani, maana hizo bado nauza na hazinisumbui.

Mambo madogo ya kazi, kwa atakayetaka kujaribu. Usitumie ubao mzima wa mti kwa vipande vyembamba. Unapasuka kwa kufuata mishipa yake na vile vichwa vinakatika. Plaiwudi inashikilia kwa sababu tabaka zake zimepishana. Ikague kabla hujanunua, ukiona uwazi pembeni katikati ya tabaka, iache dukani. Picha ya gundi ibandike kwa kukandamiza usiku kucha, la sivyo inabanduka pembeni ya kila kipande, na vipande 180 vina pembe nyingi kuliko unavyofikiri. Kwa watoto chini ya miaka mitatu usiuze vipande vidogo kabisa, vinamezwa.

Na picha usizichukue hovyo mtandaoni. Mimi nilitaka kutumia michoro ya Tingatinga, ile rangi yake inakatika vizuri mno. Edward Tingatinga alifariki 1972, lakini wanaochora leo wapo hai na kazi ni zao. Nilikwenda kwa mchoraji, tukaandikishana, anapata elfu kumi kwa kila pazo ya mchoro wake. Faida nyingine ni kwamba anazitangaza kwa wateja wake mwenyewe, wageni wanaotaka kitu kinachoingia kwenye begi la ndege.

Kukodisha nimeanza na pazo tatu tu hapa mtaani. Amana elfu 30, kodi elfu sita kwa wiki, zikirudi tunahesabu pamoja mlangoni kabla sijarudisha amana. Mpaka sasa kimepotea kipande kimoja, kilikuwa chini ya kapeti la mteja, akakileta mwenyewe siku ya pili.

Sasa hivi kwenye sinia nina oda ya vipande 240, jahazi linaingia bandarini jua likizama. Mteja anampelekea baba yake aliyestaafu ubaharia, na ameniomba nisimwambie hata yeye ni vipande vingapi vya umbo vimo ndani. Fundi amefika 150. Nimezihesabu safu mara mbili, kesho akimaliza tunaanza tena upya.